Siku ya Saba Baada ya Kupasuliwa: Habari ya Ujumbe wa Simu

Jirani yangu wa mpaka wa migomba ni mzee wa miaka sitini na kitu, mtu wa kazi nyingi na maneno machache. Mwaka jana, baada ya kuificha ngiri yake muda mrefu, alikubali mwisho kupelekwa hospitali. Akapasuliwa, akalala siku tatu, akarudi kwake juu ya pikipiki, mjukuu wake akimshika mgongoni. Alipewa kadi ndogo yenye tarehe ya kurudi, ndiyo siku ya saba, ili nyuzi zitolewe na kidonda kitazamwe. Tena bibi muuguzi alimwambia, "Mzee, tupe namba ya simu, nasi tutakukumbusha kwa ujumbe." Mzee hana simu. Akatoa namba ya mwanawe, ambaye ni utingo wa lori, leo yuko Nyakanazi, kesho Dar es Salaam, kesho kutwa amevuka daraja la Rusumo kwenda Kigali.

Ujumbe ulifika. Neno hili naomba mliweke moyoni tangu mwanzo: ujumbe ulifika, siku ya sita, asubuhi, kama ilivyoahidiwa. Ila ulifika katika simu iliyokuwa Morogoro, ukakaa katikati ya matangazo ya bahati nasibu na ya vifurushi, na kijana akausoma siku nne baadaye. Alipotupigia simu kwa hofu, kidonda cha baba yake kilikuwa kimekwisha kuvimba na kutoa usaha, nacho kimefunikwa majani yaliyotwangwa.

Nami sikosi lawama katika habari hii. Siku ya pili tangu arudi, mzee aliniletea ile kadi nimsomee. Nikamsomea, nikamtajia tarehe, nikamrudishia mkononi. Yalikuwa majira ya kuvuna maharage, kila mtu yuko shambani, mimi pia. Katika juma lile nilipita mbele ya nyumba yake mara tatu, nikamwamkia, akaniitikia, nikaenda zangu. Mzee alipona, lakini kwa majuma matano ya kusafishwa kidonda na kwa mbuzi wawili waliouzwa ili kulipa pikipiki na dawa.

Tangu siku zile nimekuwa nikiuliza na kusoma juu ya jambo hili la kukumbusha wagonjwa kwa simu, maana nilitaka kujua kama kosa lilikuwa la ujumbe au letu.

Kwanza yafaa tuseme kwa nini mtu aliyepasuliwa hurudishwa hospitali, kwa kuwa wengi wetu twadhani kazi ya mganga imekwisha siku ile mgonjwa anapotoka kitandani. Sivyo. Uchafu uingiao katika kidonda hauonekani siku ile ile. Huonekana baada ya siku kadhaa, na mara nyingi mgonjwa amekwisha kufika nyumbani. Homa, uvimbe, usaha, harufu mbaya, mshono kufunguka, hayo yote hutokea kwetu vijijini wala si wodini. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2016 ya kwamba katika Afrika wanawake wapatao hata 20 katika kila 100 waliozaa kwa kupasuliwa huambukizwa kidonda. Tazama basi ni mama wangapi hao, na wangapi kati yao hukaa ndani wakisema, "Ni maumivu ya uzazi tu, yatakwisha."

Sasa niwaeleze yaliyopimwa na wataalamu wa jirani. Nchini Kenya, katika jimbo la Nyanza, kuzunguka Kisumu, wanaume wengi walikuwa wakitahiriwa hospitalini. Sababu mwaijua: utafiti uliofanywa Kisumu kwenyewe, na Rakai ya Uganda iliyopakana na mkoa wetu huu wa Kagera, na Afrika ya Kusini, ulionyesha kwamba tohara hupunguza kwa kiasi kikubwa hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Nchi yetu nayo ikaichagua mikoa ambayo jando halikuwa desturi ya wengi, na Kagera ikawamo. Mwanamume aliyetahiriwa sharti arudi kutazamwa, hasa siku ya saba, tena ajizuie na tendo la ndoa majuma sita mpaka kidonda kifunge kabisa. Lakini wengi hawakurudi.

Basi mwaka 2010 na 2011, Daktari Thomas Odeny na wenzake waliwachukua wanaume 1,200 wenye simu zao wenyewe, waliotahiriwa katika vituo 12 vya Nyanza, wakawagawa mafungu mawili kwa kura. Fungu moja lilipelekewa ujumbe kila siku kwa siku saba za kwanza. Fungu la pili halikupelekewa, likaangaliwa kama kawaida. Ilipofika siku ya saba, katika kila watu 100 wa fungu la ujumbe walirudi 65 na kidogo, na katika fungu lisilo na ujumbe walirudi karibu 60. Tofauti ni kama watu sita katika kila mia. Si nyingi, wala si bure. Ukihesabu maelfu waliotahiriwa, hao sita ni umati wa watu.

Lakini mimi nilichelewa zaidi katika maneno yaliyofuata. Wataalamu wale waliona kwamba aliyetumia nauli kubwa kufika kituoni, yaani zaidi ya shilingi mia moja hivi za Kenya za wakati ule, alikuwa katika hatari ya kutorudi iliyozidi ya mwenzake kwa theluthi moja hivi. Na aliyeishia shule ya msingi au chini yake alikosa kurudi kuliko aliyefika sekondari. Tena kwa habari ya kujizuia majuma sita, ujumbe haukuleta tofauti iliyoweza kuthibitishwa: wa fungu hili na wa fungu lile, zaidi ya robo walishindwa kungoja. Simu yaweza kumkumbusha mtu. Kumpa nauli haiwezi, na kumlinda usiku haiwezi.

Zanzibar nako walijaribu jambo lililo karibu na hili. Katika mwaka 2009 na 2010 wanawake wajawazito 2,550 wa vituo 24 waliingizwa katika utafiti. Nusu ya vituo ilihusika na ujumbe wa simu wa kuwakumbusha mama, pamoja na vocha ya kumwezesha mama kumpigia mkunga akiwa na swali. Upande wa simu, mama 60 katika 100 walijifungua mikononi mwa mkunga aliyefunzwa. Upande wa pili 47. Ni faida kubwa. Ila ilipochunguzwa vema, ilionekana kuwa faida hiyo ilikuwa ya wanawake wa mjini. Wa shamba haikuwafikia. Nami niliposoma hayo niliiweka karatasi chini, nikatazama nje, nikaona kilima baada ya kilima mpaka Burundi.

Kwa kuwa sisi wa Ngara na Biharamulo tu watu wa shamba hasa. Mgonjwa wa Keza au Bugarama aliyepasuliwa Murgwanza au Rulenge, na mwenzake wa Kalenge au Nyantakara aliyepasuliwa Biharamulo mjini, hao wote safari yao ni vilima, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mwenye pikipiki hutaja bei yake kwa kuutazama uso wa mgonjwa, na bei ya mgonjwa huzidi ya mzima. Simu zenyewe mara nyingi ni moja kwa nyumba nzima, nayo iko mfukoni mwa baba. Pasipo umeme, simu hupelekwa dukani penye sola, ikalazwa huko kwa malipo, na ujumbe huingia katika simu iliyolala mbali na mwenyewe. Walioko karibu na mpaka, kule Kabanga na Rusumo, wajua vilevile jinsi simu inavyoweza kuacha mnara wa kwetu ikashika wa ng'ambo.

Tena kuna jambo la laini. Tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa zilianza kufungwa. Asiyekuwa na kitambulisho hutumia laini ya shemeji au ya rafiki, na siku wanapokosana, au rafiki anapohama, namba ile imekwenda. Lakini katika daftari la hospitali namba ni ile ile ya mwanzo.

Je, tuseme basi kwamba ujumbe wa simu haufai kwetu? Mimi sisemi hivyo. Nasema ujumbe ni barua, na barua huhitaji mtu wa kuichukua mpaka mlangoni.

Tazameni jinsi wengine walivyofanya ili barua ile ipate miguu. Katika Nairobi na Kajiado, kuanzia mwaka 2007, wagonjwa walioanza dawa za virusi vya UKIMWI walipelekewa kila juma neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alipaswa kujibu "Sawa" au "Shida" kabla ya siku mbili kupita. Aliyejibu "Shida", na hata yule aliyenyamaza, muuguzi alimpigia simu kuzungumza naye. Hapo ndipo penye hekima, kwa kuwa kunyamaza kulihesabiwa kuwa ni jibu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010: walioshika dawa sawasawa walikuwa 62 katika 100, na wasiopata ujumbe 50. Ujumbe ule haukutaja ugonjwa wala dawa. Aliyeushika kwa bahati aliona salamu tu.

Nchini Zimbabwe, mwaka 2018, waliifuata njia iliyo karibu na hiyo kwa wanaume waliotahiriwa. Kila siku, kwa majuma mawili hivi, mgonjwa aliulizwa kwa simu kama ana tatizo. Aliyesema hana hakulazimishwa kusafiri. Aliyesema analo alipigiwa na muuguzi, akaitwa. Wengi waliokuwa wazima walibaki kazini mwao, na matatizo ya vidonda hayakufichika, bali yaliyogunduliwa yalikuwa mengi kidogo kuliko upande wa wale walioambiwa kuja wote. Njia hii yanipendeza kwa ajili yetu, kwa maana inaokoa nauli ya mzima na kuielekeza nguvu ya muuguzi kwa mgonjwa. Lakini yataka muuguzi mwenye nafasi ya kupiga simu, na vituo vyetu vingi muuguzi ni mmoja, naye ndiye mkunga.

Na juu ya nauli, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2009 kutuma fedha kwa M-Pesa ili wanawake wenye fistula waweze kusafiri kutoka mikoani kwenda kutibiwa. Fedha hupelekwa kwa mtu wa kujitolea aliyemtambua mgonjwa, aitwaye balozi, naye humkatia tiketi na kumpandisha basi. Angalieni vema: simu ilichukua fedha, lakini mwenye kumpandisha mama basini alikuwa mtu.

Sasa nije nyumbani kwetu, kwa baba na mama wa nyumba, na kwenu walimu wenzangu.

Muuguzi anapouliza namba, wengi wetu hutoa namba ya mtu mkubwa katika ukoo, yule mwenye simu nzuri, kana kwamba ni heshima. Hiyo ndiyo ilimponza jirani yangu. Namba ipasayo ni ya mtu alalaye katika boma moja na mgonjwa, hata kama simu yake imefungwa kwa mpira. Na ikiwa muuguzi akubali kuandika namba mbili, ya pili iwe ya jirani aliyeombwa kwanza, akaridhia. Si vema kumwandikisha mtu asiyejua. Nimeona watu wakifuta ujumbe wa wenzao wakidhani ni utapeli. Wala siwalaumu. Zama hizi za "ile pesa tuma kwenye namba hii", mtu mwenye akili huogopa kila neno geni. Yafaa kuuliza hospitalini ujumbe utatoka kwa namba gani au jina gani, tena kujua kwamba ujumbe wa kukumbusha tarehe hauombi fedha wala namba ya siri. Ukiomba, si wa hospitali.

Lugha nayo ni kikwazo ambacho wasomi hawakioni. Mama mmoja mtu mzima alinionyesha ujumbe uliosema ahudhurie kliniki kwa ajili ya ufuatiliaji. Kiswahili chake ni cha sokoni. Nyumbani asema Kihangaza. Akaniuliza, "Mwalimu, nimekosa nini hata wakanifuatilia?" Alidhani ni habari ya kushitakiwa! Laiti wangeandika, "Mama, njoo Jumanne tutazame kidonda," angekwenda bila kuniuliza. Wanaoandika jumbe hizi wangefanya vema kumsomea kwanza bibi mmoja asiyekuwa na shule.

Na nyumba nyingi msomaji ni mtoto. Mtoto wa darasa la tano hushika simu ya babu na kumsomea. Ni jambo jema, ila twahitaji kuwafundisha watoto hawa kusoma taratibu, mpaka mwisho, pamoja na tarehe, kisha kunyamaza. Habari ya mgonjwa si ya kutangazwa kisimani. Sisi walimu pia tuna kosa hili: twapenda kusoma kwa sauti kubwa mbele ya watu, kwa kuwa tumezoea. Ujumbe unaomhusu mgonjwa husomwa kando, mgonjwa mwenyewe akiwapo, na ikiwa ni habari ya virusi au ya fistula au ya tohara, asisikie hata mke wa mwalimu. Nchi yetu ina sheria ya kulinda taarifa za watu iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata kabla ya sheria, aibu ya mtu ilikuwa ni ya kufunikwa.

Jambo kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni nauli. Fedha ya kurudi siku ya saba sharti itengwe siku ile ile ya kutoka hospitali, kabla ya kununua sukari na soda ya kuwapokea wageni. Najua ni neno gumu. Mgonjwa akirudi, watu hujaa uani kumpa pole, na mwenye nyumba hawezi kuwaacha na midomo mitupu. Lakini wageni wenyewe wangeweza kuleta mia tano mia tano badala ya kuja mikono mitupu. Katika kigango chetu tumeanza kufanya hivyo, na mkebe hukaa kwa mama mmoja ambaye hata mumewe hajui auwekapo.

Mwezi Machi mwaka huu msichana wa nyumba ya tatu kutoka kwangu alizaa kwa kupasuliwa. Mumewe yuko mgodini. Tuliandikisha namba ya mama mkwe wake, kisha namba ya mwalimu wa darasa la tatu ambaye nyumba yake ina sola. Tarehe iliandikwa kwa mkaa ukutani juu ya mafiga, mahali ambapo kila apikaye ataiona. Siku ya sita jioni ilinyesha mvua kubwa, simu ya mama mkwe ilikuwa imezimika, na ujumbe ukaingia kwa mwalimu. Akamtuma mtoto mbio na mwamvuli. Alipofika alikuta kanga zimekwisha kukunjwa, na dereva wa pikipiki amekwisha kuambiwa aje alfajiri. Maana ukuta uliwaambia kabla ya simu.

Muuguzi alikuta mahali padogo penye usaha, upande wa kushoto wa mshono, ambapo mama mwenyewe hakupaona wala hakupasikia. Akapasafisha, akampa dawa za siku saba, na tarehe nyingine ya kurudi. Saa nane mchana walikuwa nyumbani, mtoto ananyonya.

Na yule mzee wa ngiri? Juma lile lote, kila nilipopita kwake, alinyanyua fimbo kunisimamisha njiani. "Mwalimu," aliniuliza, "leo umeingia kwa yule mama, au umepita tu?"